Kulivika Kijivu Gari la Palle

Jumamosi, 24 Agosti

Aibu. Aibu tupu — halafu huruma, halafu aibu tena.

Tulikwenda dukani Struer. Kwanza vita vya ufunguo hapa uani, kama kila mara. Palle anataka kuendesha, mimi mkewe nimeshakaa kwenye usukani, mlango nimeufunga kwa ndani. "Gari langu mwenyewe, mama, nikae pembeni kama gunia?" Dakika ishirini! Mwishowe akaingia, akanuna mpaka darajani.

Tulipotoka dukani nilikuwa nafunga mfuko wa viazi. Sekunde mbili tu. Nageuka — hayupo. Gari letu jekundu lipo palepale tulipoliacha. Palle yuko mstari wa pili, ameshika kitasa cha kigari kidogo chekundu, anavuta kwa nguvu zake zote. Ndani yumo msichana, na mtoto mchanga kiti cha nyuma. Msichana anapiga mayowe. Palle naye anapiga mayowe: toka kwenye gari langu, mwizi we!

Nilimwomba radhi yule msichana mpaka ulimi ukakauka. Akafuta machozi, akaniambia babu yake naye yuko hivyohivyo. Akanishika mkono. Afadhali angenitukana.

Sasa Palle amelala kitini, viatu miguuni. Na mimi nawaza jambo moja. Kabla hajafika kwenye kile kigari alipita Volvo kama yetu kabisa, umbo lilelile, ya buluu. Hakuitupia hata jicho.

Hafuati gari. Anafuata wekundu.

Jumapili, 25 Agosti

Sanne, binti yetu, kapiga simu kutoka Aarhus. Nikamsimulia. Akasema kile anachosema kila Jumapili: Mama, uza hilo gari, yaishe.

Yaishe! Basi linapita barabarani kwetu mara mbili kwa siku, Jumapili halipiti kabisa. Nikiuza gari, itabidi tuhame nyumba. Tukihama nyumba, Palle kwisha. Hapa bado anajua choo kiko wapi. Hapa bado anajua upande wake wa kitanda.

Lakini Sanne ana haki ya kuogopa. Aprili Palle alitoka nalo peke yake, akapita juu ya baiskeli ya mtoto mbele ya shule ya Hvidbjerg. Mtoto alikuwa amesimama kando yake tu. Kando tu — hatua moja! Wakamnyang'anya leseni. Yeye hakumbuki. Mimi naliona lile gurudumu lililopinda kila nikifumba macho. Kisha Julai akaufukua ufunguo kwenye kopo la unga, nikamkuta ameshawasha. Nikakimbia nikasimama mbele ya gari, mikono nimeitanua. Akafunga breki. Tulitazamana kupitia kioo, na kwa kitambo kidogo sikuwa na hakika ananijua.

Usiku huu nina wazo, na wazo lenyewe linaninukia wizi.

Palle alifanya kazi ya kuvika magari stika kwa miaka thelathini na minne. Si herufi tu za mlangoni — gari zima, plastiki nyembamba ya kunata juu ya rangi, mpaka gari jeupe linatoka jeusi. Magari ya mikate, ya mafundi bomba, ya wauza samaki. Mimi nilikaa ofisini na simu, nikitazama kupitia dirisha.

Kama gari letu lingeacha kuwa jekundu?

Jumatano, 28 Agosti

Keld ameleta stika, maroli matatu ya rangi tatu, yameviringishwa kama mikeka. Keld alianza kazi kwa Palle akiwa na miaka kumi na sita. Sasa ana hamsini na karakana ni yake. Nilimweleza yote jikoni. Akavua kofia, akaitazama kofia.

"Niletee mimi, Jytte. Siku mbili nimekumalizia."

Nikakataa. Akauliza kwa nini, sikuweza kumjibu vizuri. Vijana wote wa pale karakana wamefundishwa na watu waliofundishwa na Palle. Nisingependa wasimame kulizunguka gari lake wakijua ni la kumdanganya yeye. Kama lazima mtu afanye hivi, basi awe mke wake.

"Rangi?"

"Kijivu," nikasema. "Rangi asiyoipenda hata kidogo."

Palle akaingia, akampa Keld mkono kwa furaha. Kijana, baba yako hajambo? Baba yake Keld tulimzika miaka tisa iliyopita, na Palle alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza.

"Hajambo, bosi," akasema Keld. "Anakusalimu sana."

Hakumaliza kahawa yake.

Alhamisi, 29 Agosti

Gari la kituo cha wazee limemchukua Palle saa mbili na nusu asubuhi. Siku zake ni Jumanne na Alhamisi, saa tano au sita ninazoachiwa peke yangu. Zamani nilikuwa nalala. Leo nimejifungia kwenye banda la gari.

Nimeosha. Nimepangusa kwa spiriti. Nikaanza na mlango wa mbele kushoto, kwa kuwa hauonekani kutoka jikoni — kana kwamba kuna wa kunichungulia!

Ee Mungu, kazi hii. Kutoka dirisha la ofisi ilionekana nyepesi kama kutandika shuka. Kumbe stika ina roho mbaya. Unaivua karatasi ya nyuma, inajikunja, inajinata yenyewe kwa yenyewe, ukiibandua inavutika kama utandu wa maziwa. Nimetupa vipande viwili vizima. Nimejichoma kidole kwa mashine ya hewa moto. Saa saba nilikuwa na mlango mmoja, una mapovu kama uso wa mgonjwa wa ndui.

Nikakaa chini kwenye saruji nikalia. Si kwa ajili ya mapovu.

Palle aliporudi, alijaribu kitasa cha banda. "Gari langu limo?"

"Limo."

Ilikuwa kweli. Bado ilikuwa kweli.

Jumanne, 3 Septemba

Upande wa kushoto wote na boneti! Vibaya, lakini tayari. Mgongo umekufa. Kwenye madigadi kuna mkunjo mrefu kama kovu la kisu — na uwe hapo.

Ajabu: kila nikimaliza kipande, sikitambui tena. Nalitazama gari upande wa kushoto, namwona mgeni. Nazunguka kulia, liko letu, jekundu, tulilolileta nyumbani mwaka ule Palle alipostaafu, akapiga honi kuanzia kanisani mpaka hapa, mbwa wa kijiji kizima wakibweka.

Jumatano, 4 Septemba

Amewapigia polisi tena. Gari langu limeibwa, jekundu, naomba mje. Yule askari wa kike anamjua kwa sauti sasa. Nilimsikia akisema taratibu, tumeandika, Palle, tunalitafuta. Palle akamshukuru. Akakaa dirishani mpaka chakula cha jioni, akiwasubiri.

Alhamisi, 5 Septemba

Sijui nianzie wapi.

Bomba la maji lilipasuka kule kituoni, wakawarudisha wazee wote saa nne. Sikusikia gari lao likifika. Nilikuwa nimepanda kwenye ngazi ndogo, nahangaika na paa, mashine ya hewa moto inaunguruma — mlango wa pembeni ukafunguliwa. Palle. Na koti lake na mfuko wake wa chakula.

Nikaganda pale juu. Gari nusu jekundu, nusu kijivu, na mimi na kisu mkononi. Nikajisemea, basi, leo ndiyo leo.

Akaliangalia gari. Akalizunguka polepole. Akasimama mbele ya mlango wa kushoto, ule wa kwanza, wa mapovu. Akainama. Akapitisha kidole.

"Nani kafanya haya?"

"Mimi."

"Wewe!" Akanitazama kama vile nimesema nimeruka mwezini. "Wewe kazi yako simu, mama. Nani kakuruhusu kuingia karakana?"

Akacheka! Akavua koti akalitundika msumarini. Akaenda kwenye sinki, akaosha mikono mpaka kwenye viwiko kama daktari, akaniomba mkasi wa kucha. Akakata kucha zote kumi. Akavua pete ya ndoa — pete huchana stika — akaniwekea kiganjani. "Shika hii. Usiipoteze, mwenyewe mkali."

Kisha akashika pembe ya stika ya mlango wangu, ule ulionitoa jasho la damu, akaibandua yote kwa mvuto mmoja. Krrrap! Wekundu ukatoka mzima mbele yake, futi moja kutoka usoni pake. Sikupumua.

Akaupangusa kwa kitambaa. "Rangi nzuri hii. Mteja anataka nini?"

"Kijivu."

"Kijivu!" Akatikisa kichwa. "Watu wamekuwa wagonjwa."

Halafu akanifundisha. Mtu ambaye asubuhi alishindwa kufunga vifungo vya shati! Usiivute, mama, humvui mtoto soksi. Ilaze. Ipe joto kidogo. Ngoja. Sasa sawazisha kwa kibao, kutoka katikati kwenda nje, usiikimbize. Umeona? Umeona ilivyolala yenyewe? Maneno yalimkimbia mara kwa mara — alinyoosha mkono tu, "ile, ile," nami nikampa kisu, na kilikuwa ndicho. Mikono yake haikukosea hata mara moja. Mikono haijui kama anaumwa.

Tulifanya kazi mpaka saa kumi na mbili. Akala vipande vinne vya mkate mweusi na maini ya kusaga. Akanyoosha kidole nimvalishe pete.

Hakuuliza gari lake liko wapi. Jioni ya kwanza tangu Aprili.

Ijumaa, 6 Septemba

Leo paa na bampa ya nyuma. Vioo vya pembeni akavivika migongo, kila kimoja kwa kipande kimoja, bila kiungo. Alikuwa akipiga mluzi.

Ule mkunjo wangu wa madigadi akautazama, akanitazama. "Huu tuuache, mteja ajue kuna mwanamke aliyepita hapa?" Nikamtupia kitambaa. Akanimwagia maji ya chupa ya kupulizia. Wazee wawili tunafukuzana kuzunguka gari!

Sanne kapiga simu katikati. Mama, ni nani huyo anayecheka? Nikasema ni baba yako. Kisha nikasikia anavuta kamasi. "Mpe simu," akasema, lakini Palle akajibu kwa sauti kwamba yuko kazini, apige baada ya saa za kazi.

Kwa saa nzima nilisahau tunafanya nini. Nilifurahi. Naandika hapa ili nisije nikakana baadaye: nilifurahi.

Jumamosi, 7 Septemba

Amechoka, amelala mchana kutwa. Nimekwenda bandani peke yangu. Umebaki mlango mmoja tu, wa nyuma kulia. Nilishika roli, nikaliweka chini.

Ni kazi ya dakika arobaini. Siwezi. Nangoja naye.

Jumapili, 8 Septemba

Nimemdanganya Palle. Miaka arobaini na moja ya ndoa, na uongo wangu mkubwa kuliko yote nimeusema leo baada ya kahawa ya saa nne.

Ni kweli, nimekuwa nikimdanganya tangu mwanzo. Lakini alikuwa hajaniuliza.

Alikuwa amechuchumaa kwenye ule mlango wa mwisho, anaupangusa. Pale chini ya kitasa kuna mchubuko, wa urefu wa kidole. Sanne aliufanya kwa mpini wa baiskeli yake, siku aliyokuja kutuambia anaachana na mumewe, akaiangusha baiskeli kwenye gari akakimbilia kwa baba yake. Palle hakukubali kamwe mchubuko ule upakwe rangi. Alisema ni wa Sanne.

Kitambaa kikasimama. Kidole chake kikaingia kwenye ule mchubuko. Kikaenda, kikarudi.

"Langu lina kama huu," akasema. "Papa hapa."

Nikaendelea kukunjua stika.

"Sanne alikuwa analia," akasema. Polepole sana, kama mtu anayesoma maandishi ya mbali. Kisha akageuka, bado amechuchumaa, akaniangalia. Na alikuwa ni yeye! Palle mwenyewe, mzima, macho yaleyale. Sijayaona macho yale tangu majira ya baridi. "Mama. Hili ni langu?"

Ningeweza kusema ndiyo. Ningepiga magoti pale pale, nikamwambia yote, na angenielewa — nina hakika kwa dakika ile angenielewa. Angenishika kichwa. Tungelia pamoja, watu wawili wenye akili zao, kwa mara ya mwisho pengine.

Na baada ya dakika? Baada ya dakika angesahau maelezo, akabaki na gari. Na mimi nikaliona lile gurudumu lililopinda.

"Hapana," nikasema. "Ni la mteja."

Aliendelea kunitazama. Halafu yale macho yakaondoka — niliyaona yakiondoka, kama mtu anayetoka chumbani bila kubamiza mlango.

"Yote yanachubuka hapo," akasema. "Vitasa vyake vibaya."

Akaomba stika. Tukaishika, yeye pembe mbili, mimi pembe mbili. Tukailaza. Akasukuma kibao kutoka katikati kwenda nje, na ule mchubuko ukaingia chini, ukaonekana bado kidogo kama mshipa, akaupa joto, akaubonyeza kwa kidole gumba. Ukapotea.

"Haya," akasema. "Safi."



Jumatatu, 9 Septemba

Kumbe haikwisha. Ukifungua milango, fremu zake za ndani bado nyekundu, zinang'aa kama ndani ya mdomo. Palle alisema watu wengi hawazigusi, mteja hataona. Nikamwambia mteja huyu ataona.

Tukakata vipande vyembamba, kimoja kimoja. Aliudhika mara mbili, akatupa kibao. Saa tisa mikono ilianza kumtetemeka, akaniuliza tuko kwa nani hapa. Zile za mwisho nimezimaliza mimi. Sasa najua namna.

Hakuna tena wekundu popote. Nimekagua na tochi mpaka chini ya kifuniko cha mafuta.

Keld alipita kuona. Akazunguka mara mbili, mikono mfukoni. "Nani kavika hivi vioo?" akauliza, ingawa alijua. Palle akamwambia kazi ya namna hii, kijana, inahitaji subira. Keld akasema ndiyo, bosi, natamani ningeweza hivyo. Aliposhika kitasa kuondoka aliniambia kwa sauti ya chini kwamba katika maisha yake hajawahi kuona kazi safi kama hii.

Sanne anauliza limetokaje. Nikamwambia limetoka vizuri. Akasema, hongera, Mama. Hongera!

Jumanne, 10 Septemba

Naandika nikiwa ndani ya gari, daftari limeegemea usukani. Saa tatu na dakika arobaini asubuhi. Daktari anatungojea Holstebro saa nne na robo, vipimo tulivyovisubiri tangu Mei. Hatutawahi, nadhani. Au tutawahi, sijui.

Nilitoa gari nje mapema, nikaliweka uani kwenye mwanga. Mara ya kwanza. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita vya ufunguo — mlango nimeshaufunga kwa ndani, kwa mazoea tu. Palle akatoka, koti limefungwa vifungo vyote, nywele amechana na maji. Akaliona gari. Akalipita. Akaenda kuangalia bandani, akarudi, akasimama ngazini.

Nikashusha kioo. "Palle, ingia, tunachelewa."

Akaja mpaka dirishani, akainama, akaniambia kwa upole, kama mtu anayemwokoa mwenzake na aibu: "Mama, toka. Hilo ni la mteja."

"Mteja ameturuhusu."

"Hatupandi magari ya wateja. Unajua hivyo. Miaka yote hatujapanda." Halafu kwa sauti ya chini zaidi: "Ukilichubua, nitamwambia nini?"

Nikashuka. Nikamshika mkono. Nikamfungulia mlango wa upande wa abiria, nikakipiga hata kiti makofi mawili kama anavyoitwa mtoto. Hakukasirika. Ingekuwa afadhali akasirike. Aliufunga ule mlango taratibu, kwa kiganja kilichonyooka ili asiache alama za vidole, akarudi ngazini.

"Tutakwenda na letu," akasema. "Ngoja tu, polisi walilete."

Nimempigia Sanne, hapokei, yuko kazini. Nimepiga simu hospitali, wimbo unacheza, mimi ni wa sita kwenye foleni. Nikimwambia Palle ukweli, kwamba hili ndilo letu, ataingia — lakini ataingia upande huu, na ataomba ufunguo, na wiki mbili hizi zote na ile Jumapili zitakuwa bure. Nisipomwambia, atasimama pale. Ni mtu mwenye subira, Palle.

Mvua imeanza, nyembamba. Nimemwita aingie ndani ya nyumba basi. Ametikisa kichwa, ameonyesha barabara kwa kidevu. Anasikiliza kila gari linalopita. Limepita la maziwa. Limepita la posta — hilo ni jekundu — akashuka ngazi mbili, akainua mkono.

Halikusimama. Amebaki pale chini kwenye mvua, mkono bado uko juu. Ananigeukia sasa, anatabasamu, anasema kitu. Kioo nimeshakipandisha kwa ajili ya mvua, simsikii.